Octavian wa Taa na Noah ya Mama Mkwe

Pale Mabwerebwere, mjini Kilosa, ukiulizia nyumba ya Octavian nawe utaulizwa, "Octavian yupi, wa taa?" Ukiitikia, utaonyeshwa kwa kidevu: ile yenye mlango unaong'aa. Mlango wenyewe ni wa mbao za kawaida, tena kitasa chake kibovu, ila siku asizokuwa na kazi Octavian huufuta. Kama si mlango, ni sufuria. Kama si sufuria, ni kobe aliyeokotwa na watoto wa jirani. Yule kobe alifutwa siku moja mpaka kuku wakawa wanajitazama mgongoni mwake.

Kuna watu wamejaliwa mkono wa kupanda, wakitupa kokoto inaota. Octavian alijaliwa mkono wa kufuta. Zamani alikuwa anapaka vanishi vitanda na makabati. Magari yalipozidi mjini, akaona riziki nyingine. Taa za magari ya siku hizi kioo chake si kioo, ni plastiki, na jua la Kilosa likiichoma kwa miaka inaanza kuingia manjano, halafu ukungu, mwisho gari linakutazama kama mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake. Wenye haraka hupaka dawa ya meno. Wengine hupaka mafuta ya alizeti. Taa inang'aa mpaka kona ya kwanza, vumbi likishika mafuta, gari linaota ndevu.

Octavian hakuwa mtu wa mafuta. Alibandika utepe wa karatasi wenye gundi kuizunguka taa asije akakwaruza rangi ya gari. Akachukua msasa wa maji, akaanza na ule mkali, akashuka taratibu mpaka ule laini, maji yakichuruzika muda wote. Kisha kompaundi, ile dawa nzito kama siagi, aliisugua kwa kitambaa mpaka bega likaomba radhi. Mwisho klia, yaani vanishi isiyo na rangi. Klia hupitishwa mara moja tu, mkono haurudi nyuma. Bila klia, jua linairudia taa kama deni.

Sasa kazi hii ina aibu yake, nayo iko katikati. Ukishapiga msasa taa haiwi safi. Inakuwa nyeupe pe, kama imemwagiwa uji, mbaya kuliko ilivyoletwa. Mwenye gari akiiona hapo hushika kichwa. Kuna mwalimu mmoja aliwahi kukaa chini palepale barabarani na suruali yake nyeupe. Kwa hiyo Octavian akaweka sheria: mwenye gari akae nyuma ya nyumba, apewe chai, asichungulie. "Ugali haukaguliwi ukiwa uji," alikuwa akisema, na watu wakatii, maana chai yenyewe ilikuwa na tangawizi.

Chai ile alikuwa anaipika mkewe, Agatha. Na Agatha ndiye aliyeondoka.

Hakuondoka ghafla. Alianza kuondoka na sinia. Lilikuwa sinia la maua ya waridi, zawadi ya harusi. Octavian alilisugua liwe safi, likawa safi kweli, hata waridi moja halikubaki. Agatha akanyamaza. Ikaja dawa ya meno ya nyumba nzima, iliyokwenda kwenye majaribio. Akanyamaza. Kisha ikaja khanga.

Kitambaa cha kompaundi hakiwezi kuwa kipya. Nguo mpya ina ukali, inaacha mikwaruzo. Inatakiwa pamba iliyochoka, iliyofuliwa miaka na miaka mpaka imesahau kuwa ilikuwa pamba. Octavian alitafuta nyumba nzima, na chini kabisa ya sanduku la mkewe akakuta khanga laini kama sikio la sungura. Aliisifu sana. Akaikata vipande.

Ni khanga ambayo Agatha alibebewa mgongoni na mama yake. Alipewa siku ya harusi aje abebee watoto wake. Agatha aliporudi kutoka sokoni aliukuta utoto wake umeanikwa kwenye kamba, kipande baada ya kipande, unanuka kompaundi. Hakupiga kelele. Alifunga begi, akasimama mlangoni, akasema, "Nikizidi kukaa hapa utanifuta na mimi." Akapanda basi kwenda Mikumi kwa mama yake. Neno aliloacha ni kwamba atarudi mama akisema arudi.

Hapo Octavian akakwama. Mtu utamwombaje radhi mama mkwe usiyeruhusiwa kumtazama?

Maana kwa watu wa ukoo wa Agatha, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mkwe anaingia porini mpaka mama apite. Hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa kati. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, na ole wao wakutwe kwenye chumba kimoja. Faini yake ni mbuzi jike, tena mwenye mimba. Octavian na mama mkwe wake, Perpetua, walikuwa wameishi kwa heshima hiyo miaka yote. Yeye alimjua Perpetua kwa kisigino tu. Kisigino cha kuheshimika sana.

Basi akamwendea Bundala. Huyu Bundala alikuwa Msukuma wa kule Mvumi, alihamia na ng'ombe wake kutoka upande wa ziwa, mtu mnene, mcheshi, na ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ile. Mwenyewe aliamini kuwa mshenga hastaafu.

"Mama mkweo ana gari, ile Noah," Bundala akasema. "Anabebea vitunguu vya Lumuma, anawauzia wasafiri pale Mikumi barabarani."

"Naijua."

"Taa zake umeziona?"

"Nimeona za nyuma. Za mbele zina mama ndani."

"Za mbele zimekufa, baba. Juzi kidogo agonge punda akidhani ni kichaka. Nitamleta. Wewe fanya kazi, acha mdomo."

Perpetua alikuja siku mbili baada ya mvua za kwanza, akitoka Lumuma, Noah imejaa magunia ya vitunguu. Aliiegesha ubavuni mwa nyumba, kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani, akapita kwenda nyuma, akakaa kwenye kiti akiupa mgongo uwanja. Octavian alikuwa ameelekeza uso kwenye mlango wake unaong'aa, na kwa bahati mbaya mlango ukamwonyesha mama akipita, ikabidi afumbe macho.

"Mwambie mama shikamoo," akasema.

"Anasema shikamoo," akasema Bundala, aliyesimama katikati, hatua chache kutoka kwa kila mmoja.

"Mwambie marahaba. Mwambie, habari za kufuta?"

"Anasema marahaba, na anauliza kazi inaendeleaje."

"Nimesema habari za kufuta, mshenga. Usinipunguzie."

"Habari za kufuta," akasema Bundala.

"Mwambie nzuri," Octavian akajibu kwa sauti ndogo.

"Sasa mwambie hivi," Perpetua akasema. "Taa zangu zikitakata, Agatha atarudi kwa gari hilihili. Zikibaki na ukungu, nitakuja kuchukua hata kitanda."

"Anasema..." Bundala akaanza.

"Nimesikia."

"Hujasikia. Hujaambiwa bado." Na Bundala akarudia yote, na kitanda akakirudia mara mbili, kwa sababu alikuwa anaipenda kazi yake.

Octavian akaanza. Maji yakachuruzika juu ya msasa. Akapiga taa ya kulia, akapiga ya kushoto. Manjano yakatoka na maji, yakatiririka mchangani kama mkojo wa ng'ombe. Zilipokauka zilikuwa nyeupe pe, uji mtupu, kama inavyotakiwa. Kompaundi na klia alikuwa ameziweka nyuma ya gari, kwenye mlango wa mizigo uliokuwa wazi, kwa sababu klia haipendi jua. Akazunguka kuzifuata.

Hapo ndipo Perpetua alipochoka kukaa. Bundala alikuwa amekwenda kuangalia chai, na chai aliyopika Octavian mwenyewe ilihitaji kuangaliwa. Octavian alisikia kisigino. Kilikuwa kinakuja, tena upande wake. Huku ukuta wa nyumba, huku ukuta wa jirani, mbele gari, nyuma mama mkwe. Pori la kuingia halikuwepo. Akaingia kwenye vitunguu.

Aliruka ndani ya Noah, akajibana kati ya magunia mawili, akajivuta gunia tupu kichwani. Kisigino kikapita. Kikaenda mbele ya gari. Kikanyamaza.

"Uuuuwi!" Perpetua akalia. "Bundala! Mshenga wewe! Njoo uone! Ameitia gari yangu mtoto wa jicho!"

Bundala akaja na kikombe mkononi. Akatazama. Naye alikuwa hajawahi kuona uji, maana siku zote alikuwa nyuma ya nyumba kwenye tangawizi.

"Eh," akasema. "Eh, eh, eh."

"Yuko wapi?"

"Amekimbia, naona."

"Aende tu. Zilikuwa na ukungu, sasa zimekufa kabisa. Agatha harudi! Kitanda kile kile nilichosema nitakifuata. Panda gari, ukamwambie mwenyewe binti yangu umemwozesha mtu gani."

Mlango wa mizigo ukabamizwa. Gari likawaka. Ndani ya gunia, Octavian alifungua mdomo aseme, akaufunga. Aseme nini? Kuzungumza, wako ndani ya gari moja, milango imefungwa? Hiyo si mbuzi mmoja tena, hiyo ni zizi. Akajiambia atashuka watakaposimama. Perpetua si mtu wa kusimama.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi ina mashimo yake, na kila shimo lilimwangusha kitunguu Octavian kichwani. Vingine vilipasuka. Macho yakaanza kuwasha, kisha yakaanza kutoka machozi, kisha pua nayo ikasema isiachwe nyuma.

"Chwi!"

"Nini hicho?" Perpetua akauliza.

Bundala aligeuka. Kwenye kona ya gunia aliona kidole gumba cha mguu anachokifahamu, maana hakuna kidole kingine Kilosa nzima kilichopigwa kompaundi. Akageuka mbele haraka.

"Kitunguu, mama."

"Kitunguu kinapiga chafya?"

"Hivi vya Lumuma, mama, vina nguvu sana."

Perpetua akaguna, akaendelea kuendesha. Baadaye kidogo akaanza kuzungumza, kama watu wanavyozungumza safarini, nusu na mwenzake, nusu na barabara.

"Mimi simchukii, Bundala. Ni mtu mpole. Hanywi, hapigi, jioni yuko nyumbani. Lakini ule mkono wake! Kila akionacho anataka kukifuta, haulizi ni cha nani. Nimembeba Agatha kwa khanga ile akiwa na surua, natembea naye usiku na mchana kwenda zahanati. Ikawa laini kwa jasho langu. Yeye akaona ulaini, jasho hakuliona."

 Nyuma kule ikasikika sauti ya mtu analia, kwikwi za chinichini, kama mtoto aliyeambiwa anyamaze. Mwanzo ilikuwa kitunguu. Haki ya Mungu mwanzo ilikuwa kitunguu. Baadaye hata Octavian mwenyewe hakujua ni kitunguu au ni yeye.

"Na hicho je?" Perpetua akauliza.

"Hicho kimeoza, mama," akasema Bundala.

Walipokaribia Ulaya jua lilikuwa limezama. Ulaya hii ni kijiji cha njiani, watu wake huenda Ulaya na kurudi kila siku kwa baiskeli. Perpetua akawasha taa. Mwanga ukatoka mweupe, mzito, mvivu, ukatambaa hatua mbili ukalala. Mbele yao kukatokea kitu kikubwa, cheusi, kimeinama.

Breki. Vitunguu vyote vikahama.

"Tembo," Perpetua akanong'ona.

"Tembo hafiki huku, mama. Hilo ni lori."

"Lori lina masikio?"

"Labda limefungua milango."

"Bundala, lile linapumua."

Walinong'onezana mpaka kile kitu kikaonekana vizuri kidogo: ni magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara yakisubiri mteja, turubai limepeperuka huku na huku. Perpetua alikuwa hajamaliza kushukuru wakati nyuma yake kabisa, ndani ya gari, kitu kilipopiga chafya ya mwaka.

Alitoka kwenye gari bila kufungua mkanda vizuri, mkanda ukamfuata mpaka nusu. Bundala akashuka, akafungua mlango wa mizigo. Vikamwagika vitunguu, na baada ya vitunguu akamwagika mtu aliyevaa gunia kichwani, ameshika kopo la kompaundi mkono huu na la klia mkono ule.

"Ni nani?" Perpetua akapaza sauti kutoka upande wa pili, tayari amewapa mgongo, maana moyo ulishamwambia.

"Mama," akasema Bundala, "ni mkweo."

 Perpetua akaikaza khanga yake begani.

"Yuko humo tangu Kilosa?"

"Mwambie tangu Kilosa," akasema Octavian ndani ya gunia.

"Tangu Kilosa," akasema Bundala.

"Amesikia niliyosema?"

"Mwambie sijasikia."

"Anasema amesikia yote," akasema Bundala, kwani mshenga naye ana dhamiri, hata kama inachelewa.

Perpetua akavuta pumzi ndefu. Mbele kulikuwa na giza linaloingia, na baada ya giza kuna Mikumi, na Mikumi tembo wapo kweli. "Muulize, zile taa ndiyo zimekufa?"

"Mwambie mama hazijafa. Zimefika katikati. Mama alichungulia uji. Zikipata kompaundi na klia zitafumbuka."

"Mwambie afanye basi. Hapa hapa."

Octavian akapapasa mifukoni. Kitambaa hakikuwepo. Vyote vilibaki Kilosa, kwenye ndoo. Akasimama na gunia lake kichwani kama mtu aliyesahau kwa nini amezaliwa. Bundala akapeleka habari, hatua tatu, kwamba hakuna kitambaa. Perpetua akavua khanga iliyokuwa begani, mpya, inanukia duka, akairusha nyuma bila kugeuka.

"Mpe."

Octavian akaipapasa kwa vidole. Angenyamaza! Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza, akafute, akashukuru. "Mwambie mama," akasema, "mpya inakwaruza. Inatakiwa iliyochoka."

Bundala hakuitafsiri hiyo. Hakukuwa na haja. Octavian akaanza kuagana na kitanda chake kimoyomoyo.

"Iliyochoka," hatimaye Perpetua akasema, kila neno peke yake, "ni hii niliyojifunga ndani."

Akaenda nyuma ya magunia ya mkaa. Akarudi na khanga kuukuu, rangi imeisha, akaichana mwenyewe kwa meno na mikono. Krrraa. Bundala akaipokea kwa ncha ya vidole.

"Siwezi kuishika hiyo!" Octavian akaruka nyuma. "Ya ndani ya mama mkwe! Bundala, utaniua na mbuzi!"

"Tulia, baba. Ikishachanwa si khanga tena. Ni tambara. Tambara halina mwiko."

"Ehee," akasema Perpetua. "Kumbe. Basi na ya Agatha, ilipokwisha kukatwa, ilikuwa tambara tu?"

 Bundala akamtazama Octavian, lakini gunia halina uso. Lilikuwa swali baya, na lilisubiri jibu barabarani pale kama gari limesimamishwa na askari.

"Mwambie mama hapana," Octavian akasema. "Ile haikuwa tambara. Hili amechana mwenyewe. Ile niliikata mimi, na mwenyewe sikumuuliza. Mwambie ningeuliza hata mara moja tu, angeniambia ni ya nini, na ningeirudisha sandukuni. Mwambie nilijua. Ndiyo maana sikuuliza."

Bundala aliyarudisha maneno hayo yote, polepole, na mara hii hakuongeza wala hakupunguza.

"Mwambie afute," Perpetua akasema. Sauti ilikuwa imechoka, lakini haikuwa ile ya kitanda.

Octavian akafuta. Alifumba macho ndani ya gunia, kwa sababu tambara au si tambara, yeye hakutaka kuliona. Bundala akamwagia maji ya kunywa kwenye taa kidogo kidogo, na Octavian akasugua kwa kusikiliza. Plastiki ikiwa bado na uji, kitambaa kinanung'unika. Ikitakata, inalia kama kipanya. Akasugua mpaka ya kulia ikalia. Akasugua mpaka ya kushoto ikalia. Akapitisha klia mara moja, kushoto kwenda kulia, akaacha.

"Mwambie mama asiwashe. Klia ikauke kwanza. Mvua zimeanza, kumbikumbi wametoka, wakiona mwanga watakuja kunasa."

Wakangoja. Perpetua alikaa upande huu wa gari, Octavian upande ule, Bundala akatembea kati yao kubeba mazungumzo. Mama anauliza kama umekula. Mwambie bado. Mama anasema kuna mihogo ya kuchoma, mfuko wa kiti cha mbele. Mwambie asante. Mama anasema usile karibu yake. Mwambie nakula nikiwa nimeangalia Kilosa.

Perpetua si mtu wa kungoja pia. Kabla klia haijakauka barabara, mkono ulijiendea wenyewe kwenye swichi. Taa zikawaka.

Hapo Bundala, mtu aliyevuka nusu ya nchi na ng'ombe, alisema, "Yesu wangu." Mwanga ulitoka mweupe, mkali, umenyooka kama reli, ukaangaza barabara, ukaangaza mkaa, ukaangaza mpaka punda aliyekuwa mbali shambani, naye akageuka kuona nani anamwita. Kumbikumbi mmoja akaja mbio, akatua kwenye taa ya kushoto, akakaa. Amekaa mpaka leo.

"Mwambie..." Perpetua akaanza, akaitazama barabara, akaanza tena. "Mwambie apande. Nyuma."

Walifika Mikumi kwake wakaingia uwanjani na taa zimewaka. Kuku walikuwa wamekwishapanda mti. Jogoo alipopigwa na mwanga ule usoni alijua amechelewa kazini. Akawika kwa hofu, akashuka, na majike wote wakashuka nyuma yake, wakaanza kuparua uwanja wakitafuta kifungua kinywa. Agatha akatoka nje na ufagio kuona kulikoni. Akaona mama yake ana khanga moja tu. Akaona Bundala anacheka peke yake. Kisha mlango wa mizigo ukafunguliwa, likashuka gunia lenye miguu, likageukia ukutani, likasimama kwa adabu.

"Huyo nani?"

"Mumeo," akasema mama yake. "Nimesema urudi."

Agatha akasogea, akalivua lile gunia. Macho ya Octavian yalikuwa yamevimba kama maandazi, na ganda la kitunguu limeganda kwenye paji la uso. Alitaka kusema maneno aliyoyapanga njia nzima. Kilichotoka ni chafya.

Agatha alicheka. Alijaribu kutocheka, akauma upindo wa khanga yake, haikusaidia, akacheka mpaka akakaa chini katikati ya kuku. Alipomaliza alijifuta macho, akamtazama vizuri.

"Mama amesema nirudi," akasema. "Mimi bado sijasema."

"Ndiyo," akasema Octavian.

"Kuanzia leo, ukitaka kitambaa, unaanza na mashati yako."

"Ndiyo."

"Yakiisha, suruali."

"Ndiyo."

"Na cha kwangu, hata kiwe uzi, unauliza. Nikisema hapana unafanyaje?"

Octavian alifikiri. Mkono wake ulikuwa tayari umeanza kufuta mpini wa ufagio bila yeye kujua. Akauona. Akaurudisha mfukoni. "Naacha," akasema.

"Kaoge," akasema Agatha.

Asubuhi Noah iliondoka kurudi Kilosa. Perpetua aliendesha, Agatha akakaa mbele na begi lake mapajani, Bundala akapewa kiti cha kati ili apumzike. Octavian alikuwa nyuma kabisa, kwenye magunia matupu, ameelekea dirisha la nyuma, barabara inamkimbia.

"Mama anauliza umekaa vizuri?" Agatha akasema bila kugeuka.

"Mwambie vizuri."

"Mama anasema taa ya kushoto ina mdudu."

"Mwambie nitamtoa tukifika. Kwa shati langu."

 Wakavuka shimo.

"Mama anasema umwache," akasema Agatha. "Anasema ameshamzoea."